Siku nne Disney World, watu sita, na foleni za Agosti

Swali: "Dada yangu ni muuguzi Tampa, Florida, na ametualika likizo ya Agosti. Viza tumeshapata. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 11, 8 na 4, na mama mkwe wa miaka 68 ambaye goti linamsumbua, watoto wanamwita Dani. Tumepanga wiki moja ya kupumzika kwa dada, kisha siku nne Disney World, bustani moja kila siku. Nasikia watu husimama saa mbili kwa mchezo wa dakika tatu. Mwaka jana kwenye maonyesho tulisubiri bembea karibu saa nzima, mdogo akalia mpaka tukarudi nyumbani hajapanda. Je, tulipie ile njia ya haraka? Na tukilipia, itatosha?" Mama wa watatu, Milimani, Kisumu.

Jibu:

Lipieni, dada, lakini kwa siku mbili tu kati ya hizo nne, na msiifanye kuwa mpango wenu. Mpango wenu uwe zile saa mbili za kwanza asubuhi. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaona foleni inavyozaliwa na kukua, hutahitaji kukariri orodha ya mtu yeyote, hata yangu.

Nikiwa mwanafunzi nilifanya kazi msimu mzima kwenye mlango wa mchezo mmoja huko Florida, na kazi yenyewe ilikuwa kupanga watu wa foleni. Siku hizi ninapanga safari za familia kutoka Nakuru na Kisumu. Swali lako naulizwa kuliko maswali ya mizigo, chakula na hoteli yakijumlishwa, na kila mara nalijibu kwa moyo, kwa sababu nimewaona wazazi waliojinyima miaka mitatu ili wafike kule, kisha siku nzima ikaishia kwenye vyuma vya foleni.

Turudi kwenye ile bembea ya maonyesho. Tuseme ilikuwa na viti 24, na kila mzunguko, pamoja na watu kushuka, wengine kupanda na kufungwa mikanda, ulichukua dakika 6. Hao ni watu 4 kwa dakika. Kama mbele yenu walikuwa 200, mlihitaji dakika 50, hata kama hakuna aliyeruka foleni wala mashine kusimama. Mwaka 1961 Mmarekani aitwaye John Little alithibitisha kanuni hii kwa hesabu: gawa idadi ya waliosimama kwa idadi ya wanaohudumiwa kila dakika, utapata muda wa kusubiri. Kanuni hiyo inafanya kazi benki, kwenye kivuko, na kwenye lango la Disney. Mfundishe huyo wa miaka 11. Akihesabu vichwa na kuangalia saa magari mawili yakiondoka, atakuwa amejua muda wa kusubiri kabla hamjaamua kusimama.

Kanuni hiyohiyo inaeleza jambo linalowadanganya wageni wengi: urefu wa foleni hausemi kitu mpaka ujue mwendo wake. Pale Magic Kingdom, mojawapo ya bustani nne za Disney World (nyingine ni EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom), kuna Haunted Mansion, nyumba ya mizimu, ambako viti vimeunganishwa kama mnyororo usiokatika na watu hupanda vikiwa vinatembea. Foleni yake inaweza kuzunguka nje ya jengo ikakutisha, lakini inasonga bila kukoma. Peter Pan's Flight, uliofunguliwa mwaka 1971, siku mbili baada ya bustani yenyewe, hutumia vijimashua vya watu wawili watatu. Foleni yake fupi inaweza kukugharimu saa nzima.

Sasa chukua mchezo mmoja unaopandisha watu 1,200 kwa saa. Uwezo huo ni uleule tangu lango lifunguliwe hadi lifungwe. Treni haiongezwi viti saa sita mchana. Kinachobadilika ni watu. Wachache hufika mapema, na wengi huja baada ya saa nne, wakishakunywa chai taratibu hotelini. Saa hiyo wakija 1,500, watu 300 wanabaki bila kuhudumiwa. Saa inayofuata wakija 1,500 wengine, wanabaki 600, na hao ni dakika 30 za kusubiri. Kuanzia hapo hata wakija 1,200 kamili kila saa, zile dakika 30 hazipungui. Ni deni, nalo hubebwa mchana kutwa mpaka watu waanze kurudi makwao. Aliyefika kabla deni halijaanza anapanda michezo minne au mitano katika saa mbili. Alasiri, saa mbili hizohizo huenda zikampa miwili.

Hapa ndipo ninyi mna bahati ambayo familia ya Chicago haina. Mwezi Agosti Orlando iko nyuma ya Kisumu kwa saa saba. Saa kumi alfajiri ya kule ni saa tano asubuhi ya huku, kwa hiyo siku za kwanza mtaamka wenyewe, macho makavu, watoto wakidai chai. Kwa upande mwingine, saa moja jioni ya kule ni saa nane usiku ya nyumbani, na mdogo atalala akiwa ameshika kijiko. Mwili wenu utakuwa umejipanga kwa asubuhi za bustani bila kengele. Lakini hali hiyo hudumu siku chache tu. Mkikaa wiki nzima Tampa kwanza, mtaitumia kuangalia dari ya dada yako saa tisa usiku.

Kwa hiyo geuzeni ratiba. Fikeni, pumzikeni siku mbili kwa dada, halafu nendeni bustanini. Ile wiki ya kukaa na kupiga gumzo ije baadaye, miguu ikiwa inauma na hadithi zipo. Nasema siku mbili kwa sababu ndege huchelewa na mizigo hupotea njiani, na tiketi za bustani zina tarehe zake.

Usiku wa siku za bustani msilale Tampa. Ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya I-4, ambayo hujaa magari asubuhi, na bado hujafika langoni. Pale Magic Kingdom uwanja wa magari hauko langoni kabisa: unaegesha ng'ambo ya ziwa la kuchimbwa, kisha unavuka kwa feri au kwa treni ya reli moja. Mtu anayesafiri kati ya Luanda Kotieno na Mbita ataelewa mara moja kwamba kufika kivukoni bado si kufika. Familia inayoegesha gari saa ya kufunguliwa imeshachelewa. Mabasi ya hoteli za Disney hushusha watu karibu na lango, na wageni wa hoteli hizo huruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wengine, kila siku, katika bustani zote nne. Dakika hizo 30 ndizo ningelipia kwanza, kabla ya njia yoyote ya haraka. Za bei nafuu zaidi ni zile ziitwazo All-Star, na All-Star Music ina vyumba vya familia vinavyolaza watu sita. Piga hesabu ya chumba hicho kimoja dhidi ya vyumba viwili mjini pamoja na mafuta na maegesho, utashangaa.

Kuhusu tarehe: kama shule za watoto zinaruhusu, sogezeni safari kuelekea nusu ya pili ya Agosti. Shule za Florida hufunguliwa karibu wiki ya pili ya mwezi huo, na watu hupungua waziwazi. Kalenda yetu ya Kenya inatupa nafasi hiyo, kwa kuwa watoto wetu wako likizo wakati wa kwao wako darasani. Anayesoma haya akipanga Desemba, wiki za mwanzo wa mwezi zina nafuu. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndio msongamano mkubwa kuliko wote wa mwaka, na kwa familia yenye mtoto mdogo siushauri hata kidogo.

Sasa njia ya haraka. Inaitwa Lightning Lane, na tangu Julai 2024 ina sehemu kuu mbili. Multi Pass hukupa nafasi tatu za kuchagua mapema, na ukishatumia ya kwanza unaweza kuomba nyingine siku hiyohiyo. Single Pass hununuliwa peke yake kwa mchezo mmoja unaogombewa sana. Akitokea ndugu wa kukuambia kwamba ni bure, huyo alikwenda enzi za FastPass, iliyoanza mwaka 1999 na ambayo haipo tena. Bei hubadilika kwa siku na kwa bustani, na hutozwa kila kichwa kuanzia miaka mitatu, mtoto sawa na mtu mzima. Hapo ndipo hela huponyoka: watu hununua kwa familia nzima wakati mmoja hapandi kitu. Dani msimlipie. Huyo wa miaka minne mlipieni Magic Kingdom tu, ambako michezo mingi haina sharti la kimo.

Siku mbili nilizosema ni ya Magic Kingdom, kwa sababu michezo ni mingi na mtaitumia vizuri, na ya Hollywood Studios, kwa sababu michezo ni michache na karibu yote inagombewa. Wageni wa hoteli za Disney hufunguliwa nafasi siku saba kabla ya kuingia hotelini, saa moja asubuhi ya Florida. Agosti hiyo ni saa nane mchana ya Kisumu, na kwa ratiba niliyokupa mtakuwa bado nyumbani. Keti mahali penye intaneti isiyoyumba, programu ya My Disney Experience ikiwa tayari kwenye simu, tiketi za wote sita zimeunganishwa na kadi ya malipo imejazwa tangu jana yake. Chagueni nafasi za kuanzia saa nne hivi, maana saa za mwanzo mtakuwa mnapanda kwenye foleni fupi za kawaida.

Kabla ya kununua chochote, pima watoto. Wasimamishe ukutani wakiwa na viatu watakavyovaa. Seven Dwarfs Mine Train, treni ya vibeti saba, na Slinky Dog Dash huhitaji sentimita 97. Space Mountain, Expedition Everest na Avatar Flight of Passage huhitaji 112, na Tron 122. Wahudumu hupima mlangoni na hawabembelezeki, kwa sababu mkanda umetengenezwa kwa kimo hicho na si vinginevyo. Nimewashika mikono watoto waliosubiri dakika 70 kisha wakarudishwa kwa sentimita mbili. Kilio kile kinauma, na mzazi angeweza kukiepusha kwa penseli na ukuta wa nyumbani. Mwambie huyo mdogo sasa hivi, mbele ya alama yake, ni ipi yake na ipi bado.

Kwa ile ambayo hatapanda, mwendee mhudumu wa mlangoni kabla ya kujipanga, umwambie mnataka Rider Switch. Mzazi mmoja anasubiri na mdogo nje, mwingine anapanda na wakubwa, kisha mnabadilishana bila huyo wa pili kurudi nyuma ya foleni. Haina malipo. Familia nyingi hazijui, basi baba anajinyima mchezo aliousubiri tangu utotoni.

Nisalimie Dani, na umwambie goti si aibu. Akodi kiti cha magurudumu pale mlangoni siku ya kwanza, hata kama nyumbani anatembea bila shida hadi soko la Kibuye. Bustani hizo mtu hutembea kilomita nyingi bila kujua. Kiti hicho hakimrukishi foleni, maana foleni nyingi zimejengwa kipite, na pasipopitika wahudumu humpa saa ya kurudi. Upo mpango wa kusubiri nje ya foleni uitwao DAS, lakini umelengwa zaidi kwa wenye hali kama usonji wasioweza kustahimili foleni, na huombwa kabla ya safari kwa mazungumzo ya video. Kwa goti peke yake msiutegemee.

Mchana ndio mtihani. Mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa radi za alasiri. Florida ya Agosti ni hivyohivyo, jua la kuchoma kisha mbingu inafunguka. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa na watu hukimbilia maduka. Mwe na makoti ya mvua ya plastiki mliyonunua Tampa, na muwe tayari mmekula chakula cha mchana kabla ya saa sita, wengine wakiwa bado wanapanda. Kisha chagueni moja: mrudi hotelini mlale, au mkae ndani ya michezo mikubwa yenye ubaridi inayomeza watu wengi, kama Pirates of the Caribbean, "it's a small world" na Carousel of Progress, ambako Dani atakaa kitini dakika ishirini huku viti vyenyewe vikizunguka jukwaa. Mimi ningerudi hotelini. Mvua ikikatika wengi watakuwa wameshaondoka, na jioni mume wako na mkubwa wanaweza kurudi wawili. Aliyeingia foleni hata dakika moja kabla ya kufungwa hupandishwa, na muda unaoandikwa mlangoni saa hizo mara nyingi ni mrefu kuliko wa kweli. Mkiona Haunted Mansion imeandikwa dakika 13, hiyo ni namba ya kizimu tu: foleni ni fupi, ingieni.

Ndani ya foleni yenyewe, kilichomliza mwanao kwenye maonyesho huenda hakikuwa saa nzima. Ilikuwa ni kutojua itaisha lini. Mpe alama: "tukifika kwenye ile taa tumefika nusu." Choo kwanza, kila mara. Maji na vitafunio mnaruhusiwa kuingia navyo, ila chupa za kioo na pombe hapana, na vibanda vya chakula hutoa maji ya barafu bure ukiomba. Betri ya akiba ya simu ni lazima, kwa kuwa programu hiyo hunyonya chaji. Na mna kitu ambacho wenzenu wa foleni hawana: "Kitendawili!" "Tega!" Dani akianza, dakika 40 zinayeyuka. Familia moja kutoka Bondo ilicheza hivyo mpaka watoto wa Kimarekani waliokuwa nyuma yao wakaanza kudai watafsiriwe.

EPCOT haitaki maelezo mengi. Anzeni na mchezo wa Frozen au wa Remy asubuhi, kisha tembeeni World Showcase, yale mabanda ya nchi 11, bila haraka.

Animal Kingdom ndiyo ningependa muipe moyo. Bustani hiyo ilifunguliwa Aprili 1998, na ndani yake kuna mji wa kubuniwa uitwao Harambe, uliochukua sura ya Lamu: kuta za chokaa, milango ya kuchongwa, matangazo ya Kiswahili ukutani. Hapo ndipo ulipo Kilimanjaro Safaris, mchezo wa lori la wazi kupita katikati ya twiga, viboko na simba. Eneo lake ni kama hekta 45, nayo Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina kilomita za mraba 188, kwa hiyo sitakuambia usimame saa nzima kumwona twiga ambaye nikipita Lanet naweza kukuonyesha. Ukikuta dakika 20, pandeni, kwa ajili ya Dani. Ikizidi hapo, wacha. Asubuhi hiyo kimbilieni Flight of Passage kwanza na wakubwa, mzazi mmoja akibaki na mdogo, na Dani akae kivulini Harambe akisoma kuta. Atakuwa pengine mtu pekee kwenye uwanja ule anayezielewa bila kutafsiriwa, na wajukuu wakimrudia atakuwa na ya kuwasimulia.

Niandikie vimo vya watoto na tarehe mtakayoingia hotelini. Nikivipata nitakuambia kama mnunue Single Pass siku ya Hollywood Studios au hamtaihitaji.